Mkimbiaji wa Chiwanda na Mlima wa Chuo

Nilikuwa mkufunzi wa michezo katika chuo cha ualimu kilichojengwa milimani, upande wa juu wa Mbinga. Nilifundisha na jiografia pia, lakini wanachuo walinijua zaidi kwa filimbi niliyoivaa shingoni toka asubuhi hadi jioni. Nilizaliwa Mapera, nikakua nikipanda na kushuka ngolo za wazazi wangu, yale mashimo ya kulimia mahindi na maharage ambayo Wamatengo huyachimba kwenye miteremko. Kwa hiyo kwangu mlima ulikuwa dawa ya kila kitu. Mchezaji mzito nilimpeleka mlimani, aliyechelewa nilimpeleka mlimani, timu iliyofungwa niliipeleka mlimani.

Ilikuwa miaka ile soko huria lilipoanza kuonekana kwa macho. Wanunuzi binafsi wa kahawa walifika vijijini na magari yao, na Mbinga mjini mitumba ilimwagwa chini kwenye maturubai. Huko ndiko tulikopata raba za kukimbilia, ingawa mara nyingi mguu wa kushoto ulikuwa namba nyingine na wa kulia namba nyingine. Mnunuzi mmoja wa kahawa aliahidi kuivalisha timu yetu ya riadha jezi mpya kwa ajili ya mashindano ya kanda, na mkuu wa chuo, mzee mpole aliyependa mambo yaende kwa utaratibu, akaanza kuota kikombe juu ya kabati la ofisi yake.

Matumaini yetu yote yalikuwa kwa msichana mmoja wa mwaka wa pili. Alitoka Chiwanda, kusini kabisa mwa ufuko wa Ziwa Nyasa, karibu na mpaka wa Msumbiji. Alikuwa Mwanglikana kati ya Wakatoliki wengi, mwembamba, mwenye maneno machache. Nilimgundua kwenye mchakamchaka wa wanachuo wapya. Alikimbia nyuma kabisa akiitikia nyimbo, halafu tulipolikaribia lango akawapita wote bila kuonyesha kuwa anafanya kazi yoyote. Nilipomuuliza alijifunza wapi kukimbia, alisema shule yao ya msingi ilikuwa mbali, na njia ilikuwa mchanga wa ufukweni, basi.

Mwaka ule likizo ilikuwa ndefu. Wanachuo walirudi mwezi wa kumi, kabla ya mvua, wakati jua la mchana linachoma na vumbi limekaa juu ya majani ya mibuni. Yeye alifika Jumamosi jioni juu ya lori, baada ya siku mbili za njiani kutoka ziwani. Jumatatu nikaanza kambi ya mazoezi. Mashindano yalikuwa yamebaki wiki tatu, na mimi nilikuwa na haraka.

Zoezi la siku hiyo lilikuwa kupanda mlima wa nyuma ya chuo mara kumi, kwa kasi, bila kupumzika juu wala chini. Tulianza saa nane mchana. Maji sikuruhusu. Wakati ule niliamini kabisa kwamba maji yanamjaza mkimbiaji tumbo na kumlegeza, kwa sababu ndivyo nilivyofundishwa na mimi.

Mara tano za kwanza aliongoza. Mara ya sita alipofika katikati ya mlima alikaa chini. Hakuanguka, alikaa kama mtu anayetoa mwiba. Nilimfuata nikiwa nimekasirika. Nikamwambia asimame, huku si ufukweni.

"Mwalimu, miguu yangu imekataa," alisema.

Alisema kwa sauti ya kawaida, macho yake yananitazama vizuri, na hilo ndilo lililonidanganya. Nilijua mtu aliyezidiwa na jua huongea ovyo. Huyu alikuwa anaongea sawasawa, kwa hiyo niliona ni uvivu. Nikamjibu mbele ya wenzake kwamba miguu haikatai, anayekataa ni mwenye miguu. Wengine wakacheka. Akaweka mkono kwenye goti, akajiinua, akapanda kama hatua thelathini, kisha akakunjika kama nguo iliyodondoka kutoka kwenye kamba.

Nilimbeba mwenyewe hadi kwenye Land Rover ya chuo. Mapaja yake yalikuwa yanauma kiasi kwamba kila mara gari liliporuka kwenye shimo aliuma kanga iliyokuwa shingoni kwake, lakini hakulia. Tulikwenda hivyo njia nzima hadi hospitali ya misheni.

Hospitalini tulipokelewa na sista mmoja Mngoni, mtu mzima, aliyekuwa mganga na ndiye pia aliyesimamia maabara. Alimtundikia maji, akaagiza aletewe mtungi wa oksijeni, kisha akanigeukia mimi na daftari lake. Aliniuliza alikimbia wapi, mara ngapi, saa ngapi, alikunywa nini. Aliuliza amerudi lini kutoka ziwani. Mwisho aliniuliza aliposema miguu imekataa nilifanya nini.

Nikasema nilimwambia asimame. Aliandika na hilo pia, bila kuinua kichwa.

Usiku ule mkojo wake ulitoka mweusi kama chai ya rangi, na Sista alikaa naye hadi kulipokucha. Baadaye aliniambia kwamba misuli ilikuwa inavunjika na kumwagika ndani ya damu, na kwamba alichokuwa anakiogopa ni figo. Siku ya pili mkojo ukaanza kuwa mwepesi. Ndipo alipoichukua damu ya yule binti na kuipima jambo jingine.

Aliniita nione. Alikuwa ameweka tone la damu juu ya kioo, akalichanganya na dawa, akalifunika lisipate hewa, na kulisubirisha. Nilipoinama kwenye hadubini niliona chembe nyingi za mviringo, na katikati yake nyingine zimejikunja, nyembamba, zimechongoka pande mbili kama mundu.

Sista alinieleza taratibu. Kuna ugonjwa wa damu unaoitwa sikoseli, ambao mtoto huzaliwa nao anapopata mbegu yake kwa baba na kwa mama. Anayepata kwa mzazi mmoja tu si mgonjwa. Ataishi, atalima, atazaa, atacheza mpira, na huenda asijue maisha yake yote. Lakini mwili wake ukibanwa kupita kiasi, kwenye joto, bila maji, mahali palipo juu ambapo hewa ni nyepesi, na hasa kama hajauzoesha, damu yake inaweza kujikunja hivyo.

Nilimuuliza kama maana yake hatakimbia tena. Akasema maana yake ni kwamba mimi nijifunze kazi yangu.

Siku ya tatu mama yake alifika. Alikuja na mfuko wa usipa waliokaushwa, wale dagaa wa Ziwa Nyasa, na vitenge viwili, na miguu yake ilikuwa imevimba kwa kukaa juu ya lori. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, kisha akanishukuru kwa kumleta mwanawe hospitali. Nilimweleza kwamba mimi ndiye niliyemfikisha katika hali ile. Sikuwa na ujasiri wa kumtazama. Akasema kwa Kiswahili chake cha polepole, kilichochanganyika na Kinyasa, kwamba amesikia, na kwamba binti yake ameshamwambia.

Sista alipomuuliza kuhusu watoto wengine nyumbani, alitaja wanne walio hai. Kisha akasema alikuwapo mmoja wa kwanza, wa kiume. Alipokuwa mchanga vidole vya mikono na miguu vilivimba. Macho yake yalikuwa ya manjano mara kwa mara. Alilia mifupa wakati wa baridi, na alipofika miaka sita akafariki. Ndugu wa mume walisema kuna mkono wa mtu, na mkono wenyewe ulitajwa kuwa wa upande wa mama. Walimwacha abaki kwenye ndoa kwa sababu mume alikataa kumfukuza, lakini toka siku hiyo hakuna shangazi aliyekula chakula alichokipika.

Sista alisogeza kiti akamshika mkono, akamweleza yote aliyonieleza mimi, kwa maneno mepesi zaidi. Yule mama alisikiliza hadi mwisho.

"Kwa hiyo mtoto wangu hakulogwa," alisema.

"Hakulogwa, mama. Aliumwa."

Akavuta kitenge akajifunika uso. Mimi nikatoka nje, nikakaa kwenye ngazi za wodi kwa muda mrefu.

Binti alilazwa siku nane. Aliporudi chuoni mkuu alitoa amri asiguse mazoezi yoyote, hata mchakamchaka. Mimi nilikubali kwa moyo wote, kwa hofu zaidi kuliko kwa akili. Nikaenda mbele zaidi. Nilimwomba Sista awapime wanamichezo wote. Alikubali kwa sharti moja, kwamba kila mtu apewe majibu yake mkononi, na hiari ya kuyasema ibaki kwake. Wengine wawili walionekana kuwa na damu kama ya yule binti, na wote wawili walinionyesha vikaratasi vyao wenyewe kwa sababu waliniamini.

Nilichofanya baada ya hapo kinaniuma kuliko hata mlima ule. Niliogopa kwamba manahodha wa timu wangewalazimisha kucheza nisipokuwapo. Basi nikaandika majina yao matatu kwenye karatasi, nikaibandika kwenye ubao wa matangazo, na juu yake nikaandika kwamba wafuatao hawataruhusiwa mazoezi makali kutokana na majibu ya damu.

Wakati ule mtu akisema damu imepimwa, kila mtu alikuwa na wazo moja tu. Hadi saa ya chakula cha mchana chuo kizima kilikuwa kinanong'ona ukimwi. Msichana wa kitanda cha jirani alihamisha godoro lake. Bakuli la yule binti lilitengwa peke yake kwenye meza ya jikoni. Mmoja wa wale wengine wawili, mchezaji mpira kutoka Kingerikiti, alifunga sanduku lake jioni ileile akaondoka bila kuaga.

Kesho yake binti alikuja ofisini kwangu. Alisimama mlangoni, akakataa kiti.

"Mwalimu, niliposhindwa ulisema mimi mvivu," alisema. "Sasa nimepona, umesema mimi mgonjwa. Mara zote mbili hukuniuliza."

Nilikwenda naye hadi kwenye ubao, nikaichana ile karatasi watu wakiwa wanaona. Lakini karatasi kuchanwa hakufuti kilichosomwa. Jioni nilimpelekea Sista habari, nikijua atanikemea, na alinikemea kweli. Kisha akauliza gari litakuja saa ngapi kumchukua.

Alikuja chuoni Ijumaa, akasimama mbele ya wanachuo wote kwenye bwalo. Kwanza mimi niliomba radhi, nikasema nilichokifanya mlimani na nilichokifanya kwenye ubao. Mkufunzi kuwaomba radhi wanachuo hadharani halikuwa jambo la kawaida, na niliona baadhi ya wenzangu wakitazama viatu vyao. Halafu Sista akaeleza sikoseli ni nini na si nini, kwamba haiambukizi kwa bakuli, kwa kitanda, wala kwa ndoa, na kwamba si ukimwi. Akasema yeye mwenyewe amezika mdogo wake kwa ugonjwa huo. Hilo hata mimi sikulijua. Alipomaliza, wanachuo wengi walimfuata nje, wakamzunguka kwenye gari wakimuuliza juu ya ndugu zao wa nyumbani waliokuwa na macho ya manjano.

Msichana wa kitanda cha jirani alirudisha godoro lake wiki ileile. Kijana wa Kingerikiti hakurudi. Nilimfuata kwao, nikamkuta shambani akipalilia. Alinipokea vizuri, mama yake akanipikia, na nilipomwomba arudi alisema amenisamehe lakini hataweza kupita tena mbele ya ubao ule. Nilirudi peke yangu. Angekuwa mwalimu mzuri.

Baada ya hapo tulikaa chini watu watatu, mimi, Sista na binti mwenyewe, tukaandika taratibu mpya za mazoezi. Binti ndiye aliyetoa wazo kwamba taratibu ziwe za wote, ili asiwepo mtu wa kunyooshewa kidole. Anayetoka likizo aanze polepole, wiki mbili nzima, awe wa ziwani au wa mlimani. Mazoezi makali yafanyike asubuhi au jioni. Ndoo ya maji na kikombe viwe pembeni ya uwanja, na kila mzunguko watu wanywe. Kukimbizwa kusiwe adhabu tena. Na mtu yeyote anaweza kusimama wakati wowote bila kutoa maelezo. Akisema miguu inauma, mazoezi yake yameisha siku hiyo, na anatazamwa hadi apone.

Mkuu wa chuo alizisoma akasema wote watajifanya wamechoka. Wiki ya kwanza ilikuwa hivyo kweli. Nusu ya timu ilikuwa imekaa kwenye majani ikinywa maji, na mimi nilikuwa nimeing'ata filimbi ili nisiseme neno. Wiki ya pili wakachoka kukaa. Nikaona jambo ambalo sikulitegemea: waliojua wanaweza kusimama walikimbia kwa moyo zaidi.

Mashindano ya mwaka ule yalitupita. Binti alianza upya kidogokidogo, akitembea kwanza, kisha mbio za pole. Mkuu aliendelea kukataa mpaka Sista alipomwandikia barua kwamba anaweza, kwa masharti tuliyoyaweka. Mwaka uliofuata tukampeleka Songea, akiwa amepangiwa mbio za mita elfu tatu na elfu moja na mia tano.

Siku ya elfu tatu kulikuwa na jua kali. Mnunuzi wa kahawa alikuwa amekaa jukwaani kando ya mkuu, na jezi zake za kijani zilikuwa zinapendeza. Kwa mizunguko minne binti yetu alikuwa wa pili, anamfuata wa kwanza kama kivuli. Mzunguko wa tano aliachia nafasi ikaongezeka. Nilijua sura ile. Nilitaka kupiga kelele, na ukweli ni kwamba sijui ningepiga kelele ya kumwambia nini, akaze au aache. Nikanyamaza. Alipofika kwenye kona alitoka nje ya mstari, akatembea hadi kwenye kivuli, akakaa, akaomba maji.

Mnunuzi wa kahawa aliuliza kwa mshangao imekuwaje. Mkuu wa chuo akanitazama, na mimi nikashuka kwenda kwa binti. Nilimkuta anapumua vizuri, anajikanda mapaja.

"Misuli imeanza kukaza, mwalimu. Nimeiwahi," alisema.

Nikakaa chini kando yake, nikamwambia amefanya vizuri. Baada ya nusu saa alikuwa anatania na wenzake. Mkuu naye alikuja, akasimama mbele yetu na koti lake, nikadhani atalaumu. Alimuuliza tu kama amekunywa maji ya kutosha, kisha akaenda kumweleza mnunuzi wa kahawa.

Kesho kutwa yake, asubuhi kukiwa na mawingu, alikimbia elfu moja na mia tano akawa wa tatu. Hatukupata kikombe. Tulipata cheti chenye mhuri, mkuu akakiwekea fremu.

Alipomaliza chuo alipangiwa shule ya ufukweni, si mbali na kwao. Likizo moja nilishuka Chiwanda kwa sababu mama yake alikuwa ameniletea ujumbe kwamba ananihitaji. Alitaka nirudie maneno ya Sista mbele ya mume wake na ndugu wa mume. Nilifika na barua ya Sista mkononi. Walikaa ukumbini kwa baba, wanaume kwenye viti, shangazi wawili kwenye mkeka, na mama karibu na mlango. Nilieleza kama nilivyoelezwa, kwamba mtoto hawezi kuumwa ugonjwa ule mpaka apate nusu kwa baba na nusu kwa mama. Kaka mkubwa wa mume aliniuliza maswali mengi, mengine ya hasira. Baba mwenye nyumba, mvuvi mnene mwenye mikono iliyopasuka kwa nyavu, alisikiliza maswali yote.

Mwishowe akasema, "Basi nusu ni yangu."

Jioni ile mama alipika ugali wa muhogo na samaki, na shangazi mmoja alinawa akala. Yule mwingine alisema ameshiba.

Binti aliolewa miaka michache baadaye na mwalimu mwenzake, ambaye alikubali kupimwa kabla ya kupeleka barua ya posa. Watoto wao ni watatu, wazima. Mimi nimestaafu, niko Mapera na mibuni yangu. Mara moja moja ananipigia simu, hasa shule zinapofunguliwa, kunieleza habari za timu yake ya watoto. Mara ya mwisho alikuwa na wasiwasi na mtoto mmoja wa darasa la tano anayekimbia vizuri lakini anapenda kukaa. Nilitaka kumshauri, lakini alikuwa ameshamuuliza mtoto mwenyewe, na ameshazungumza na bibi yake. Walikuwa wanakwenda zahanati kesho yake asubuhi.